Darasa Jipya, Mto Mkavu

Msafiri mgeni anayepita Makueni au Kitui wakati wa kiangazi hushangazwa na madaraja. Huona daraja refu, imara, lenye nguzo nene, na chini yake hapana maji hata tone. Pana mchanga tu, mpana, uliotandazwa kama jamvi baina ya kingo mbili. Akiuliza jina la mahali pale huambiwa kuwa ni mto: Kaiti, au Thwake, au Tiva, au Nzeeu. Yamkini atacheka. Mwenyeji hacheki, kwani anajua kwamba mto ule umejificha tu. Maji yamo chini ya mchanga, na mama mwenye mtungi na kibuyu anajua hasa ni wapi pa kufukua na afukue hadi kina gani.

Nimeuchagua mchanga huo kuwa mada ya leo kwa sababu ya jambo linaloonekana katika shule nyingi za wilaya hizo mbili za zamani, ambazo siku hizi ni kaunti. Asubuhi mtoto wa darasa la tatu huingia langoni na mkoba mgongoni na kimtungi cha lita tano mkononi. Maji yale ni ya kupikia chakula cha mchana, ya kunawia, ya kunyunyizia sakafu ya vumbi. Hapo hapo langoni, nyuma yake, huingia lori limesheheni mchanga wa kujengea darasa jipya. Mchanga wa lori na maji ya kimtungi mara nyingi vimetoka katika mto mmoja. Mwalimu mkuu hulipokea lori kwa furaha, na hana makosa, kwa kuwa wazazi wamelia miaka mingi wakitaka darasa hilo. Lakini sijasikia kikao cha wazazi kilichouliza ni maji kiasi gani yaliyoondoka na ule mchanga.

Hesabu yenyewe si ngumu, na mwalimu wa sayansi anaweza kuiandika ubaoni. Mita moja ya ujazo ya mchanga uliolegea ina uzito wa takriban tani 1.6. Kwa hiyo lori la tani 7 hubeba mita za ujazo 4 na ushei. Mchanga safi wa mtoni una nafasi baina ya chembe zake, na nafasi hizo huweza kubeba maji kiasi cha robo ya ujazo wote, pengine zaidi. Robo ya mita 4 na ushei ni lita elfu moja na kidogo, yaani mitungi ya lita 20 zaidi ya 50. Basi kila lori moja linapopanda ukingo wa mto na kwenda zake, huwa limeondoa ghala la mitungi 50 ya maji. Na ghala hilo lingejazwa upya bure kila mvua za Novemba zinyeshapo, mwaka baada ya mwaka, bila kufagiliwa wala kufanyiwa ukarabati.

Ili kuelewa kwa nini ghala hilo linabebwa hivyo mchana kweupe, hapana budi turudi nyuma kidogo tuitazame ardhi yenyewe. Wakamba wa kale walikuwa na namna zaidi ya moja ya kumiliki ardhi. Shamba la ukoo au la familia, lililolimwa na kurithiwa, liliitwa ng'undu. Malisho ambayo mtu alijiwekea mipaka aliyaita kisesi. Zaidi ya hayo palikuwa na weu, nyika ya wote, ambako mfugaji yeyote aliweza kupeleka ng'ombe na mbuzi wake, na mrina asali akatundika mizinga. Weu haikuwa ardhi isiyo na mwenyewe, kama walivyodhani maofisa wa kikoloni. Ilikuwa ya watu wote kwa pamoja. Tofauti hiyo iliwagharimu Wakamba sana. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni ilipochukua ng'ombe wao kwa nguvu, ikidai kwamba mifugo imezidi na udongo unamomonyoka, maelfu yao walifunga safari hadi Nairobi kumwona gavana, wakiongozwa na Muindi Mbingu. Mbingu alipelekwa kizuizini Lamu, lakini ng'ombe walirudishwa.

Baada ya hapo yalikuja mambo ya mipaka na vitabu vya usajili. Mpango wa Swynnerton wa 1954, kisha sheria ya 1968 ya kuamua na kusajili mashamba, vilimpa kila mwenye shamba hati miliki yake. Siwalaumu waliozipokea hati hizo. Zimesomesha watoto na kulipa madeni ya hospitali. Lakini weu ilipokatwakatwa vipande, kitu kimoja tu hakikuweza kupimwa kwa kamba na kuwekewa vigingi, nacho ni tumbo la mto. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 62, inahesabu mito kuwa ardhi ya umma. Kwa maneno mengine, mto mkavu wenye mchanga ndio weu ya mwisho iliyobaki katika vijiji vingi vya Ukambani. Na kama kila mali ya wote isiyolindwa, kila mtu huingia kuchota, ila mwenye shamba la ukingoni anayo hati, naye hutoza malori ada ya kupita shambani mwake. Mto ni wa umma, njia ya kuufikia ni ya mtu mmoja. Hapo ndipo biashara yote ilipojengwa.

Ajabu ni kwamba Ukambani huo huo ndio uliotoa mojawapo ya majengo bora kabisa ya nchi hii, ingawa sijaliona katika kitabu chochote cha mafunzo ya usanifu. Nalo ni bwawa la mchanga. Halina paa wala dirisha. Ni ukuta wa mawe na saruji uliojengwa kukata mto wa msimu kutoka ukingo hadi ukingo, juu ya mwamba, wenye kimo cha mita mbili hadi nne hivi. Mvua inaponyesha milimani, mto hushuka kwa kishindo ukibeba mchanga na tope. Mchanga, kwa kuwa ni mzito, hutua nyuma ya ukuta. Tope na udongo laini hupita juu na kwenda zake. Baada ya misimu kadhaa ya mvua ukuta huwa umejaa mchanga hadi ukingoni, na katikati ya mchanga huo mna maji.

Anayeliona kwa mara ya kwanza hudhani kazi imeharibika. Bwawa limejaa mchanga! Lakini humo ndimo ulimo ustadi wake. Katika bwawa la wazi jua la Ukambani hunywa maji mchana kutwa, mbu huzaana, ng'ombe huingia na kuchafua. Maji yaliyo ndani ya mchanga, yakishashuka chini ya kina cha sentimita 60 hadi 90, jua karibu haliyafikii tena. Mchanga wenyewe huyachuja. Aidha maji hayo husukumwa polepole pembeni, yakaingia katika kingo, na baada ya miaka michache utaona migomba, nyasi za matembo na bustani za sukuma wiki pale ambapo zamani palikuwa na miiba mitupu. Chuma cha kukamatishia, saruji, mawe ya jirani na mikono ya watu: hayo ndiyo yote yanayohitajika. Hakuna mashine ya kuharibika wala mafuta ya kununua.

Mabwawa ya namna hiyo yalikuwapo Ukambani tangu zama za ukoloni, lakini yaliyoenea hasa ni yale yaliyojengwa na wananchi wenyewe. Mwaka 1978 Joshua Mukusya na majirani zake walianzisha kikundi cha Utooni, upande wa Machakos karibu na mpaka wa Makueni, na kikundi hicho baadaye kikawa shirika lililosaidia wengine wengi kujenga. Kitui nako, shirika la SASOL lililoanzishwa mwaka 1990 limeshirikiana na wanavijiji kujenga mamia ya mabwawa, moja juu ya jingine katika mto mmoja, hata kijito kizima kikawa ngazi za mchanga na maji. Nyuma ya kazi yote hiyo imo mwethya, desturi ya kale ya majirani kukusanyika kufanya kazi ambayo mmoja peke yake haiwezi. Ni mwethya hiyo hiyo iliyochimba matuta ya fanya juu katika miteremko ya Machakos na Makueni, yale ambayo mkulima huchimba mfereji na kurusha udongo upande wa juu ili ukinge maji. Kitabu cha Tiffen, Mortimore na Gichuki kilichotoka mwaka 1994 kilionyesha jinsi eneo ambalo wataalamu wa miaka ya 1930 walikuwa wamelikatia tamaa lilivyokuja kuwa na watu wengi zaidi na mmomonyoko mdogo zaidi. Aghalabu waliobeba mawe na maji ya kukorogea saruji ni akina mama.

Lakini ninalotaka mwanafunzi alizingatie ni jambo linalofanyika kabla ya jiwe la kwanza. Ukuta ule hukaa mtoni, na ncha zake mbili huingia katika kingo, yaani katika mashamba ya watu wawili wenye hati. Wanakikundi watapita njia ipi kuchota maji? Ng'ombe watanyweshwa wapi? Mafuriko yakipasua ukingo, hasara ni ya nani? Maswali haya huzungumzwa chini ya mti, mbele ya wazee na chifu, na makubaliano huandikwa. Pasipo makubaliano hayo, mhandisi hodari kuliko wote atajenga ukuta ambao mwaka wa pili utazungushiwa ua wa mtu mmoja. Hivyo kazi ya kwanza ya mjenzi Ukambani ni kurudisha kipande cha weu ambacho kilikuwa kimekatika.

Sasa tazama balaa iliyopo. Bwawa la mchanga, kwa jinsi lilivyo, hukusanya mchanga safi, mkavu juu, mahali pamoja, karibu na njia. Kwa mwenye lori hilo ni ghala lisilo na kufuli. Watu waliotoa siku zao kubeba mawe huamka asubuhi wakakuta mashimo na alama za magurudumu.

Mahitaji ya mchanga huo hayakuzaliwa kijijini. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, ambalo makao yake makuu yako Gigiri, Nairobi, lilieleza katika ripoti ya mwaka 2022 kwamba dunia inatumia tani bilioni 50 za mchanga na kokoto kila mwaka. Nairobi nayo ina sehemu yake. Maghorofa yanayoota kandokando ya barabara zake yamekula mito ya Machakos, Makueni, Kitui na Kajiado. Katika zege la kawaida, kila mita moja ya ujazo huhitaji karibu nusu mita ya mchanga, mbali na ule wa kujengea kuta na kupiga lipu. Makueni watu wamekufa katika ugomvi wa mchanga, na akina mama wamewahi kusimama mbele ya malori kwa miili yao.

Hatuna upungufu wa sheria. Miongozo ya kitaifa ya uvunaji wa mchanga ilitolewa mwaka 2007, nayo inataka kazi hiyo ifanywe mchana na mbali na madaraja. Bunge la Kaunti ya Makueni lilipitisha sheria yake ya kuhifadhi na kutumia mchanga mwaka 2015, na mamlaka maalumu ikaundwa kuisimamia. Naisifu hatua hiyo, kwani ilikuwa ya ujasiri. Hata hivyo sheria ya namna hii hukimbizana na lori, ilhali mwenye kuliita lori ni mchoro wa nyumba. Maadamu kila mchoro wa darasa, zahanati na duka unadai mchanga wa mto, daima atapatikana dereva wa kuuleta usiku.

Na mchanga ukiisha? Hapo ndipo penye majonzi. Uvunaji wa mchanga ni kiwanda, ingawa hauna bomba la moshi. Una wafanyakazi wake, vijana wa sepetu wanaopakia lori kwa ujira mdogo wa kugawana. Una vibanda vya chai, una madalali. Mto ukishachotwa hadi mwamba ukaonekana, malori huhamia mto mwingine. Vibanda hufungwa. Vijana hubaki na migongo inayouma, kingo huporomoka na kuchukua mashamba, na visima vya jirani hukauka kwa kuwa maji yaliyokuwa yakivilisha yameondoka. Kijiji hicho huwa kimepitia viwanda na kumaliza viwanda bila hata kuona nguzo ya umeme.

Vijana hao husema: mnatuzuia kuchota, mtatupa nini? Swali lao ni la haki, na wanaolipuuza kwa kuwaita wahalifu hawajawahi kulala njaa. Jibu langu moja, japo si lote, liko katika ujenzi wenyewe. Kazi ya kufyatua matofali na kupanga mawe inahitaji mikono mingi kuliko kazi ya kupakia lori, na fedha zake hubaki kijijini.

Babu zetu walijenga kwa miti, udongo na nyasi, na nyumba ile ya msonge ilikuwa na baridi mchana na joto usiku. Sisemi turudi huko; nyasi zenyewe ziko wapi, na mchwa wa Kitui hawana huruma. Baada yake tulipata tofali la kuchoma, ambalo leo ndilo fahari ya nyumba nyingi za Mbooni na Kilungu. Tofali hilo lina uzuri wake, ila tanuri lake hula kuni kwa magogo, na katika Ukambani, ambako Kaunti ya Kitui mwaka 2018 ilipiga marufuku biashara ya makaa kwa kuhofia kugeuka jangwa, si busara kuendelea kuchoma miti ili tupate kuta.

Iko njia ya tatu. Udongo wa chini, ule mwekundu wenye changarawe, huchanganywa na saruji kidogo, kiasi cha sehemu moja kwa kumi na tano au ishirini hivi kwa kutegemea udongo, ukashindiliwa kwa mashine ya mkono na kumwagiwa maji kwa siku kadhaa hadi ukakomaa. Hauchomwi. Matofali mengine ya aina hii hutengenezwa na meno na mifuo, yakashikana yenyewe bila kuhitaji saruji nyingi katikati. Shimo la choo au la tangi la maji likichimbwa, udongo wake ndio ukuta. Msingi utabaki kuwa wa mawe na zege, na humo mchanga utahitajika, sikatai. Paa nalo litokeze mbele vya kutosha ili mvua isiupige ukuta. Lakini mchanga utakuwa umepungua sana.

Kikwazo kikubwa ni aibu kuliko ufundi. Neno udongo linanuka umaskini. Nchini Misri, katika miaka ya 1940, msanifu Hassan Fathy alijenga kijiji cha New Gourna karibu na Luxor kwa matofali mabichi ya udongo, chenye kuba na nyua za kupendeza ambazo wasanifu wa dunia nzima wanazisoma hadi leo. Wanakijiji waliokusudiwa walikataa kuhamia. Kulikuwa na sababu nyingi, na kubwa ni kwamba serikali ilitaka kuwaondoa mahali walipokuwa wakipata riziki. Fathy alikuwa na haki kuhusu udongo, lakini ardhi na ridhaa havikuwa mikononi mwake. Mwethya ingemfaa.

Ndiyo maana nadhani shule ndiyo mahali pa kuanzia. Mzazi hawezi kuona aibu kujenga kwa kitu ambacho mwanawe anasomea ndani yake. Na shule ina paa. Chukua darasa lenye paa la mita za mraba 70, katika mahali panaponyesha milimita 600 za mvua kwa mwaka. Hata tukiacha sehemu moja ya tano ipotee, mifereji ya paa hilo ingeweza kukusanya zaidi ya lita 33,000. Madarasa manane yanatoa mara nane ya kiasi hicho. Nimeona shule zenye majengo ya miaka mingi zisizo na mfereji hata mmoja, maji yakishuka na kuchimba msingi, huku watoto wakitumwa mtoni.

Msimu wa vuli unapokaribia, bodi nyingi za shule huwa zinafungua zabuni za madarasa yatakayopokea wanafunzi Januari. Katika orodha ya vifaa huwa kuna mstari unaosema: mchanga, tani kadha wa kadha. Saruji huandikwa aina yake, mabati huandikwa unene wake, mbao huandikwa mti wake. Mchanga huandikwa uzito tu. Mwalimu mkuu na wazazi wamwombe mkandarasi aongeze neno moja katika mstari huo kabla hawajatia sahihi: jina la mto.